Mwache Mama Aende

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana mmoja wa usharika wetu hapa Dallas alinisubiri mlangoni. Alinisalimu, "Shikamoo mchungaji," kisha akanionyesha picha kwenye simu: mwanamume aliyekumbatia samaki mrefu kuliko yeye mwenyewe. Kijana huyu alikulia Ukerewe, mtoto wa mvuvi, na tangu afike Texas hajagusa samaki aliyetoka majini saa hiyo hiyo. Sasa amempata mwongozaji mwenye boti anayewapeleka watu mto Trinity kuvua kwa upinde. Imebaki kutanguliza nusu ya malipo ili apangiwe siku. Akaniuliza, "Mchungaji, kuna dhambi hapo?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Jibu langu ni hili, na kwa ruhusa yake nawaandikia nyote.

Samaki wa pichani anaitwa alligator gar, kwa sababu pua yake pana na meno yake humkumbusha mtu mamba. Magamba yake ni magumu kama mfupa; wenyeji wa kwanza wa nchi hii waliyafanya vyembe vya mishale. Maji yakipungua hewa, gar hupanda juu na kuvuta pumzi. Hapo ndipo mwenye upinde humvizia. Mshale wake umefungwa mshipi, na chembe chake kina miiba inayomzuia samaki kuchomoka.

Gar hukua taratibu. Jike huanza kutaga akiwa na umri wa miaka kumi hivi, na mayai yake yanahitaji mafuriko ya majira ya kuchipua, maji yatambae juu ya nyasi na kukaa hapo siku za kutosha. Mafuriko hayo hayaji kila mwaka. Mwaka 2011, kule Mississippi, wavu wa mvuvi mmoja ulimnasa gar wa kilo 148, na wataalamu walikadiria umri wake kuwa miaka 95 hivi. Na hili ndilo lililonigusa zaidi: gar wakubwa kupindukia, wale wa kupigwa nao picha, karibu wote ni majike. Anayelipia safari ya kumtafuta samaki mkubwa kuliko wote anakwenda kumtafuta mama.

Sasa tulisome somo letu. Musa anamzungumzia mtu aliyekuta kiota njiani, mama amewafunika wanawe. Mtu huyo ana njaa, na Mungu anaijua njaa yake. Anamruhusu kuwachukua makinda. Lakini mama aachwe aende, maana mama akiwa hai kiota kitajaa tena, na mpita njia wa mwakani naye atakula. Kisha inafuata ahadi: heri na siku nyingi. Linganisheni na Kumbukumbu 5:16. Ni ahadi ile ile aliyopewa anayewaheshimu baba yake na mama yake! Amri kubwa ya kuwatunza wazazi na amri ndogo ya kiota cha ndege zina thawabu moja.

Wanaotoka kando ya Ziwa Victoria wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mchungaji. Sangara aliwahi kuwekewa kipimo cha sentimita 50 hadi 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Texas nayo ina sheria zake. Tangu mwaka 2009, katika sehemu kubwa ya jimbo, mvuvi anaruhusiwa gar mmoja tu kwa siku. Na tangu 2019, katika mto Trinity kuanzia Dallas kwenda chini, gar anayezidi futi 4 haruhusiwi kuchukuliwa ila kwa kibali maalumu cha bahati nasibu, na usiku hapigwi kwa upinde.

Hapa upinde una ugumu wake. Mwenye ndoana akivuta mkubwa mno humtoa ndoana, akamrudisha majini. Mshale haurudi. Mpiga upinde lazima apime kabla hajaachia, na jicho lake linadanganywa, kwa kuwa maji hupinda mwanga na samaki huonekana juu ya pale alipo. Waongozaji humfundisha mgeni neno moja kabla ya yote: lenga chini ya unachokiona.

Neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Miaka ya 1930 wakubwa wa uvuvi wa jimbo hili walimtazama gar wakaona adui anayemaliza samaki wazuri, wakatengeneza boti ya kumwua kwa umeme. Baadaye watafiti walipochunguza matumbo yake, waliona kwamba hula zaidi kile kinachopatikana kwa wingi. Jicho liliona mharibifu. Chini yake alikuwa kiumbe mwenye kazi yake mtoni. Leo jicho linaona picha ya kujivunia. Chini yake kuna mama.

Mwanangu, nenda ukavue. Kata leseni. Kabla hujatuma hata senti, muulize mwongozaji: tunapiga mchana? Tunalenga wa chini ya futi 4? Nyama italiwa? Akikucheka, tafuta mwingine. Ukipata, leta tule pamoja, ila mayai yatupwe, kwa kuwa ni sumu kwa binadamu.

Nanyi msiovua, kiota chenu kiko wapi? Wapo kati yetu wanaopigiwa simu kutoka nyumbani: shamba la ukoo limepata mnunuzi, bei nzuri, hela ya haraka. Ndizi na kahawa ni makinda, tuchukue kwa shukrani. Shamba ni mama. Lililisha bibi zetu, na wajukuu ambao hawajazaliwa wanalitegemea bila kujua. Kabla ya kutia sahihi, lenga chini ya unachokiona. Sahihi nayo, kama mshale, haina miguu ya kurudi.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemhurumia ndege kiotani na samaki wa mto Trinity, asante kwa ruhusa ya kula. Tupe moyo wa kuupenda na mpaka uliouweka. Mikono yetu ikiwa imekwisha kuvuta upinde, utupe macho ya kumtambua mama, na nguvu ya kuushusha. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.