Mwizi wa Maneno Yake Mwenyewe

Mwishoni mwa mwaka 2020 akaunti ya Twitter iliyojulikana kwa jina la Kigogo ilianza kulalamikiwa kwa wizi. Mwenye akaunti aliandika habari za siasa na utawala wa Tanzania bila kutaja jina lake halisi, na wasomaji wake walikuwa wengi, mpaka huku kwetu Mpanda ambako bando hununuliwa kwa kujibana. Malalamiko hayakusema kwamba amedanganya, wala kwamba amemtukana mtu. Yalisema ameiba maandishi ya wengine.

Mbinu yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anachukua maneno ambayo Kigogo amekwisha kuyatoa, anayabandika kwenye ukurasa wa intaneti aliofungua bure, kisha anarudisha tarehe nyuma ili ukurasa uonekane ulitangulia. Halafu anajaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki: maneno haya ni yangu, huyu kayachukua bila ruhusa, yaondoeni. Twitter, ambayo tangu 2023 inaitwa X, ni kampuni ya Marekani, na sheria ya huko ya mwaka 1998, iitwayo DMCA kwa kifupi, inaikinga kampuni isidaiwe fidia endapo itaondoa upesi kilicholalamikiwa. Ikiliacha andiko, inajitwisha hatari. Ikiliondoa, haipungukiwi kitu. Kwa hiyo inaliondoa, na malalamiko yakirundikana, akaunti nzima hufungwa.

Kwamba malalamiko ya aina hii yalitumiwa kwa hila, Twitter yenyewe ilikiri: Desemba 2021 ilitangaza kwamba imefuta akaunti 268 zilizokuwa zikituma malalamiko ya nia mbaya dhidi ya wanachama na wafuasi wa FichuaTanzania, kundi la haki za binadamu, pamoja na mwanzilishi wake. Tangazo hilo lilikuwa ndani ya taarifa yake ya kampeni za mtandaoni zinazohusishwa na dola mbalimbali. Ni nani hasa waliokuwa nyuma ya akaunti hizo mimi sisemi, maana kumtaja mtu nisiye na ushahidi juu yake ni dhambi ileile iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni katekista, na jioni nasimamia kwaya. Katika hesabu ya Kanisa Katoliki, amri ya saba inakataza wizi na ya nane inakataza ushahidi wa uongo. Ustadhi jirani yangu ananiambia kwamba kwao pia ushahidi wa uongo umo katika madhambi makubwa. Tumezoea kuzifundisha amri hizi mbili kwa majuma tofauti. Kesi ya Kigogo imenionyesha kwamba zinaweza kuvunjwa kwa tendo moja, na kibaya zaidi, kwamba ya saba inaweza kutumiwa kama silaha ya kuivunja ya nane.

Biblia inayo kesi ya namna hii, na ni kesi ya ardhi. Iko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na Nabothi akakataa kuliuza kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa mfalme, hakutuma askari kumpora. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akaagiza mfungo utangazwe na Nabothi akalishwe mbele ya watu. Mashahidi wawili wakaletwa, kama Torati inavyotaka, wakasema kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Wazee walikuwapo, mkutano ulikuwapo, idadi ya mashahidi ilitimia. Nabothi akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kwenda kulitwaa shamba. Mtu yeyote wa mkoa wetu wa Katavi aliyewahi kukaa kwenye baraza la kata kusikiliza mgogoro wa mashamba anaielewa sura hiyo bila kuhubiriwa.

Kinachonishika ni kwamba katika kesi nzima hakuna aliyetamka neno shamba. Shitaka lilikuwa kufuru. Tamaa ilikuwa ardhi. Kwa Kigogo vivyo hivyo, shitaka lilikuwa hakimiliki, na kilichotakiwa ni anyamaze. Simtetei kwa kila alichoandika. Mengine yalikuwa tuhuma nzito dhidi ya watu, na mimi nisingeyasoma mbele ya wanakwaya wangu. Lakini aliyeona amesingiziwa alikuwa na njia ya haki: asimame aseme, hili ni uongo, na ushahidi wangu ni huu. Malalamiko ya hakimiliki yalimwondolea mlalamikaji mzigo huo wote. Hakulazimika kuligusa swali la kama neno ni kweli.

Na utetezi je? Sheria hiyo ya Marekani inampa mshitakiwa nafasi ya kujibu, ila katika jibu lake aandike jina lake halisi, anwani na namba ya simu, na akubali mamlaka ya mahakama ya huko. Jibu hilo hupelekwa kwa mlalamikaji. Kwa mwanamuziki anayejulikana, hilo si tatizo kubwa. Kwa mtu anayeandika kwa kujificha kwa sababu anahofia usalama wake, kujitetea ndiko kujisalimisha. Akithubutu, andiko lake linaweza kukaa nje siku kumi hadi kumi na nne za kazi kabla ya kurudishwa. Kila aliyewahi kufuata kampeni za uchaguzi anajua neno lililozuiwa wiki mbili linarudi likiwa limechacha.

Ninayasema haya nikiwa mtu anayeipenda hakimiliki. Nota za kwaya hapa kwetu hutembea kwa kopi za kopi. Nimeshika karatasi ambazo solfa bado inasomeka, d na r na m zote zipo, lakini pembe ya juu kulia, palipoandikwa jina la mtunzi, pamebaki wingu jeusi la wino. Watu wanaimba utunzi wake Jumapili nzima, na yeye hatajwi. Huo ni wizi, na sheria yetu ya mwaka 1999 ina haki ya kuukemea. Mwaka 2016, mahakama ya Ilala ilipoamuru kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa kutumia nyimbo zao bila idhini, nilifurahi kama vile nimelipwa mimi. Siku hiyo mdogo alimshinda mkubwa kwa sheria hiyohiyo.

Kwa hiyo sidai sheria ya hakimiliki ifutwe. Nadai isinyooshwe kupita kiasi cha haki iliyoizaa. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inamgusa hata anayekiuka hakimiliki bila biashara yoyote: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kule Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, kuna nyimbo zilizovuka mpaka vichwani mwa watu, bila karatasi. Mwanakwaya wa kule akinitumia moja kwa WhatsApp ili tuimbe Pasaka, kifungu hicho kinamtazama. Kweli, kinataka iwepo nia ya kukiuka. Nia hiyo ataipima nani, na siku atakayochukiwa kwa jambo lingine kabisa, itapimwaje?

Hapo nakumbuka Kitabu cha Danieli, sura ya 13 katika Biblia ya Kikatoliki. Wazee wawili walimsingizia Suzana kwamba amezini na kijana chini ya mti, na mkutano ukawaamini kwa kuwa ni wazee na ni waamuzi. Danieli, kijana tu, aliwatenganisha, akamuuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Kisha wakatendewa kile walichomkusudia Suzana, kama inavyoagizwa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, juu ya shahidi wa uongo.

Swali la mti lilikuwapo katika kesi ya Kigogo: ukurasa huu ulifunguliwa lini? Mwenye ukurasa anaweza kuandika juu yake tarehe aitakayo, lakini kompyuta inayouhifadhi ina kumbukumbu ya siku ulipoingia. Sheria ya DMCA inasema anayelalamika kwa uongo huku akijua atawajibika kwa hasara, lakini ni lazima umshitaki Marekani, kwa wakili wa Marekani. Kwa miaka mingi mtu wa Mpanda mwenye shauri la Mahakama Kuu amesafiri hadi Sumbawanga, na wengi safari hiyo pekee imewashinda. Na akaunti 268 zilizofutwa ni hasara gani kwa mtu anayeweza kufungua nyingine kabla chai haijapoa?

Kampuni zinajibu kwamba malalamiko ni mengi mno, haziwezi kuuliza kila mmoja. Nalikubali jibu hilo, kisha naomba lifuatwe mpaka mwisho wake. Asiyeweza kuuliza swali la mti asikae kwenye kiti cha mwamuzi. Aliache neno mahali pake, na mlalamikaji aende mahakamani kwa jina lake mwenyewe, akaapishwe.