Figo yangu, kwa nini nisiiuze?



Kuna swali nimeulizwa na kijana mchimbaji wa Saza, na sijaweza kulipita haraka. Alisema hivi: "Frateri, nikishuka duarani nauza mgongo na mapafu yangu. Vumbi la karasha navuta, zebaki nashika kwa mikono mitupu, na hakuna anayeniambia natenda dhambi. Sasa nina figo mbili, mtu anahitaji moja, mimi nina deni. Kosa liko wapi?"

Tusimkemee. Anayemwambia "mwili ni wa Mungu" kisha akamwacha arudi kwenye vumbi bila hata barakoa, hajamjibu kitu. Lakini tuangalie vizuri. Vumbi lile si kitu anachouza. Ni dhuluma inayomfuata kazini, na inapaswa kuondolewa. Mwenye karasha anataka kazi yake; akiipata bila mapafu ya kijana kuharibika, hajapungukiwa na chochote. Mnunuzi wa figo anataka hasa kile kitakachokatwa mwilini mwake. Hapo ndipo mfano wake unapovunjika.

Tuje kwenye bei. Aprili 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani, DW ikiwemo, viliripoti habari za vijana wa Oyugis, magharibi mwa Kenya, waliouza figo. Wao walipata dola elfu chache. Wagonjwa kutoka nje, kwa mujibu wa taarifa hizo, walilipa pesa nyingi zaidi ya hizo. Walikubali wenyewe, ndiyo. Ila sijasikia tajiri aliyekwenda Oyugis kuuza ya kwake.

Na bei haiishii kwa aliyekubali. Wazee wa Mbozi na Mbeya wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walipouawa na kuchunwa ngozi kwa sababu wanunuzi walikuwepo. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa uongo kwamba viungo vyao vinaleta utajiri na dhahabu. Najua, figo inatibu kweli, ngozi ile haikutibu chochote. Tofauti hiyo ni kubwa kwa daktari. Kwa muuaji haina maana, yeye anauliza inauzwa shilingi ngapi.

Kant aliandika mwaka 1797 kwamba kuuza jino lako lipandikizwe kwa mwingine ni kama kujiua kwa sehemu. Alikataza hata kulitoa bure! Hapo Kanisa halimfuati. Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji Roma, Agosti 2000, alikataa biashara ya viungo lakini akausifu utoaji kama tendo la upendo.

Kwetu hapa Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Wanaotoa huwa ni ndugu. Sasa ndugu akitoka Saza kwenda Dodoma, nauli nani analipa? Chakula cha watoto, siku ambazo hatashuka duarani? Kumrudishia gharama hizo si kununua figo. Hata Azimio la Istanbul la 2008 linakubali. Jumuiya zetu ndogondogo zinachangia harusi bila kuchoka, kadi juu ya kadi. Daftari lile lile linaweza kuandikwa jina la mtoa figo.