Kiapo cha Shuruti

Ahadi ni deni, husema wazee; lakini hawakutuambia kama deni hilo humpasa pia aliyeahidi huku akimwogopa anayeahidiwa. Swali hili liliigharimu Uingereza ya karne ya 12 miaka mingi ya vita.

Tarehe 25 Novemba 1120 Merikebu Nyeupe ilizama karibu na Barfleur, pwani ya Normandy, na William, mwana pekee wa ndoa wa Mfalme Henry wa Kwanza, akafa maji. Alibaki binti, Matilda. Mwanzoni mwa mwaka 1127 Henry aliwaapisha makabaila wake kwamba, akifa bila ya mwana, watamtawaza binti huyo. Stephen wa Blois, mpwa wa mfalme, alikuwa miongoni mwao. Henry alifariki tarehe 1 Desemba 1135. Stephen akavuka bahari upesi, na tarehe 22 ya mwezi uo huo akavikwa taji Westminster.

Watetezi wake walitoa hoja tatu. Walisema kuwa mfalme alipokuwa akikata roho aliwafungua kiapo. Jambo hilo ni la mashahidi, nasi hatuwezi kulipima. Walisema tena kuwa waliapa kwa sharti kwamba Matilda asiozwe nje ya nchi bila ya shauri lao, naye mwaka 1128 aliolewa na Geoffrey wa Anjou. Hoja hii ingekuwa na uzito, lakini mwaka 1131, ndoa ikiwa imekwisha kujulikana, kiapo kilitolewa upya.

Iliyo kubwa ni ya tatu: kwamba kiapo cha shuruti hakifungi. Mtu aliyewekewa upanga shingoni hana hiari, na neno lake si lake. Je, Stephen alikuwa mtu huyo? Henry alikuwa amemjazia ardhi na heshima. Siku ya kuapa alishindana na Robert wa Gloucester juu ya nani atangulie. Aliyeshurutishwa hagombei nafasi ya mbele. Hofu ilikuwapo, lakini tamaa ilikuwapo pia. Na atendaye kwa tamaa hatendi bila ya hiari.

Zaidi ya hayo, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ikiwa kiapo apewacho mwenye nguvu ni bure, basi hata viapo alivyoapiwa Stephen vilikuwa bure. Makabaila walilifahamu somo hilo: wengi walihama upande kila bahati ilipogeuka, na tarehe 2 Februari 1141 mfalme alitekwa Lincoln.

Hata hivyo, haki haikosi dosari upande wa pili. Henry mwenyewe alitwaa taji mwaka 1100 na kumwacha nje Robert, kaka yake mkubwa. Kisha akataka kupata kwa hofu kile ambacho hupatikana kwa ridhaa. Matilda naye, taji likiwa karibu kichwani, aliwadai watu wa London fedha kwa ukali, nao wakamfukuza mjini mwaka 1141. Dai la haki bila ya ridhaa ya watu ni nyumba isiyo na msingi.

Mwaka 1153, makabaila wakiwa wamechoka kupigana, yalifanyika mapatano: Stephen atawale hadi kufa, na arithiwe na Henry, mwana wa Matilda. Tarehe 19 Desemba 1154 Henry wa Pili alivikwa taji bila ya vita.

Kiapo cha shuruti humwaibisha anayekidai. Lakini wakati wa kukikataa ni kabla ya kukitamka, hofu ingali hai na kukataa kungali na gharama. Anayeapa, akala matunda ya kiapo, kisha akaitaja hofu baada ya mwogopwa kuzikwa, hadai uhuru wake. Anajitafutia udhuru, na wanaoulipa ni wengine.