Kinyaa na Ndoo ya Maji Maangavu

Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Vyoo vilikuwa haba, na ziwa lililochafuka ndilo lililonywewa. Kipindupindu kikalipuka, kikaua watu wapatao thelathini. Wengine walivushwa kwa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, kisha wakapandishwa milimani hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Oktoba ikafunguliwa tena kambi ya Nduta, Kibondo.

Kinyaa kilikuwa wapi? Vimelea vya kipindupindu havionekani kwa macho. Maji yanayoua yaweza kuwa maangavu, na mwenye kiu akayanywa bila kusita. Yakitiwa klorini ili yawe salama, ndipo pua inapokunjwa.

Mwanafalsafa Aurel Kolnai, mzaliwa wa Budapest, alichapisha mwaka 1929 insha ya Kijerumani juu ya Ekel, kinyaa chenyewe. Kwake, mwenye hofu hujiwazia nafsi yake na madhara yatakayompata. Mwenye kinyaa hukitazama kitu: usaha, mzoga, funza. Kinachomsumbua ni kwamba kitu hicho kiko karibu naye.

Tofauti hiyo ni nzito. Hofu hupungua hatari ikithibitika kuwa imekwisha. Kinyaa hakisikii ushahidi. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walichovya mende mfu, aliyekwisha kuuliwa vijidudu vyote, katika maji ya matunda. Watu wakayakataa.

Mende huyo ana historia ya kutisha jirani na Kibondo. Nchini Rwanda, redio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Waliotumia neno hilo walijua walitendalo: mtu akishatiwa kinyaa, hoja za kumtetea hazifiki masikioni.

Kolnai aliona pia kinyaa cha kimaadili, kama kile kiamshwacho na uongo. Hapo yuko sahihi: anayeuza unga wa msaada huku watoto wakilala njaa anastahili kuchukiza. Lakini kinyaa hicho ni cha kitendo, na kosa huanza pale kinapohamishiwa kabila, kambi au mgonjwa.

Wauguzi wa kipindupindu hulijua hilo kwa mikono yao. Mgonjwa hulazwa kwenye kitanda chenye tundu, ndoo ikiwa chini yake. Ndoo hushikwa kwa glavu, ikatiwa klorini, ikamwagwa mbali. Mgonjwa huinuliwa kichwa, akanyweshwa maji ya chumvi na sukari, tena na tena, mpaka apate nguvu ya kushika kikombe mwenyewe.