Muziki wa Saa Moja

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alituma klipu kwenye grupu ya familia. Ni sekunde 40 hivi za taarifa ya habari ya zamani. Picha imechakaa, rangi zimechujiana kama nguo zilizoloweshwa beseni moja. Muziki unaanza, maandishi makubwa yanateleza kutoka upande wa kushoto, halafu inakuja meza, pazia nyuma ya meza, na mtangazaji mwenye miwani mikubwa anayepanga karatasi zake kabla ya kutuangalia.

Kwa dakika mbili nzima hakuna aliyeandika kitu. Kisha tukaja wote kwa mpigo. Mioyo, machozi, wueh, mnakumbuka? Shangazi aliye Eldoret akasema amesikia harufu ya mafuta ya taa. Mwingine akaandika, "Enzi hizo habari zilikuwa habari." Mimi nikasema ningelipa pesa kuusikia huo muziki kwenye ile TV yetu, hata mara moja tu.

Halafu chini kabisa kakatokea kale ka mstari ka kijivu: Mjomba ametoka kwenye grupu.

Mjomba ni ndugu mdogo wa mama, mtu mpole sana. Hakutoka 2017 tulipotukanana. Hakutoka 2022. Sasa ametoka kwa sababu ya sekunde 40 za muziki, na tangu siku hiyo nina swali ambalo limekataa kunitoka: ni kosa kukipenda kitu cha zamani ambacho mwenzako alikiona upande ule mwingine?

Kwanza wacha niwaeleze tulikuwa tunapenda nini, maana wengi wenu mmezaliwa mkakuta simu.

Kwetu Nakuru TV ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, imefunikwa kitambaa alichoshona mama kwa mkono. Antena ilikuwa nje juu ya mti mrefu, na kulikuwa na kazi ya mtoto kusimama chini ya huo mti na kuuzungusha huku watu wa ndani wakipiga kelele: hapo! hapo hapo! aa, umepitisha, rudisha. Kwa hiyo zile rangi za kwenye klipu mimi sikuwahi kuziona. Nililia kwa ajili ya rangi ambazo utoto wangu haukuwa nazo. Hilo pekee lingetosha kunifanya niishuku kumbukumbu yangu.

Stesheni ilikuwa moja. Televisheni ilianza nchini 1962, ikafanywa Voice of Kenya 1964, ikawa KBC 1989. KTN ilianza 1990, lakini miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa mambo ya watu wa Nairobi. Sisi wengine tulikuwa na ile moja, na ile moja ilikuwa na habari za Kiswahili saa moja usiku na za Kiingereza saa tatu. Muziki ukianza, sebule inanyamaza. Mtoto aliyekuwa analia anabebwa nje. Baba anaweka kikombe chini. Hata jirani aliyekuja kukopa chumvi anaegemea mlango, chumvi mkononi, mpaka muhtasari uishe.

Na habari ya kwanza kila mtu alikuwa anaijua kabla haijasomwa. Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo... Leo amefungua, leo amehimiza, leo amewaonya. Ikiwa ni Jumapili, leo ameabudu. Sisi watoto tulikuwa tunaicheza: mmoja anajificha nyuma ya katoni iliyokatwa dirisha, anakunja uso, anasema Mtukufu Rais leo amekula ugali. Tulicheza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyekuwa ametuambia tushushe sauti. Tulijua tu.

Watu wazima nao walikuwa na mchezo wao. Waliangalia foleni ya mawaziri uwanja wa ndege, wanahesabu nani hayupo. Nchi nzima ilijua kwamba waziri angeweza kusikia amefutwa kazi kupitia redio, habari za saa saba mchana, akiwa mezani na wageni wake. Na kila mtu alikuwa anaukumbuka mwaka 1982, tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa anga walipoiteka stesheni na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Waasi wale walikuwa wameelewa jambo ambalo hata mtoto wa Nakuru alilielewa: sauti ile ikisema, imekuwa. Muziki ulikuwa ndio mhuri. Ulipigwa vilevile mbele ya habari za mvua na mbele ya habari zilizopikwa, na sikio halikuwa na njia ya kutofautisha.

Nilikaa siku tatu kabla ya kumpigia Mjomba.

"Mjomba, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mwanangu. Najua unapiga kwa nini."

Akaniuliza kama nakumbuka alipokuja kukaa kwetu, 1990. Nakumbuka sana. Nilikuwa na miaka 7. Nakumbuka kwa furaha, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Alilala chumba cha nyuma, kile cha makaa na magunia ya mahindi. Alinifundisha kutengeneza gari la waya. Na wiki hizo baba aliongeza sauti ya TV. Baba huyohuyo aliyekuwa akisema TV ikipigishwa kelele inaungua! Muziki wa saa moja ukianza, anainuka, anazungusha kile kitufe mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Kwangu ilikuwa kama Krismasi imekuja mapema. Nilidhani anafanya hivyo kwa sababu tuna mgeni.

Nilikuwa sahihi, kumbe.

Mjomba alikuwa akiuza kanda za muziki kwenye steji ya matatu. Mwaka huo, kabla na baada ya Saba Saba, kulikuwa na kanda zenye nyimbo za kuwalilia watu wa Muoroto waliobomolewa vibanda vyao Nairobi. Zikaitwa za uchochezi. Waliouza na waliozipiga kwenye matatu wakaanza kuandamwa. Mjomba alisikia wanamtafuta, akaja kwa dada yake.

"Kifua changu wakati huo kilikuwa kibaya," akaniambia. "Mchana kutwa nilikuwa nakohoa ndani ya blanketi. Na jirani wenu wa kushoto alikuwa mtu wa chama, masikio yake yako ukutani. Baba yako akaniambia, ngoja muziki wa habari. Ukianza, kohoa mpaka umalize."

Hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi yangu. Mwanamume anakohoa.

Walikuja siku ya 17, saa moja na dakika kadhaa. Mlango uligongwa lakini hakuna aliyesikia, sauti ilikuwa juu mno. Mimi nilikuwa nimetumwa dukani. Niliporudi na mkate, TV ilikuwa imezimwa, mama yuko jikoni, nikaambiwa Mjomba amerudi kwake. Niliamini. Kilichoniuma usiku ule ni kwamba singeona Vitimbi. Mjomba alirudi mwezi mmoja baadaye. Alichofanyiwa huko hakunieleza, na mimi sikuuliza.

Baada ya simu hiyo nilijaribu kujitetea, kama mtu yeyote. Utetezi wa kwanza ni rahisi: tunachokikumbuka ni utoto wetu, serikali haihusiki. Muziki ni muziki tu. Na utetezi huu una wakili mkubwa. Hamu hii ya mambo yaliyopita ilipewa jina na daktari, Johannes Hofer, mwaka 1688 kule Basel, na aliihesabu kuwa ugonjwa. Karne iliyofuata Rousseau akasimulia, katika kamusi yake ya muziki, kwamba askari wa Uswisi waliokuwa ugenini walikatazwa kupigiwa wimbo fulani wa wachunga ng'ombe, kwa adhabu ya kifo, kwa sababu wakiusikia walilia, wakatoroka, au wakafa. Lakini, akasema, usiitafute nguvu hiyo kwenye noti za wimbo. Mgeni akiusikia hapati chochote. Wimbo ni ishara tu ya kukumbushia. Nguvu iko kwa anayekumbuka.

Sawa. Muziki hauna hatia. Ila mimi je?

Maana utulivu wa utoto wangu haukushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliutengeneza, kwa kuzungusha kitufe. Wazazi wangu waliificha hofu yao vizuri sana, mpaka mimi nikaiona kuwa sherehe. Leo nikisema enzi zile kulikuwa na amani, tulikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, tukalala milango wazi, nakuwa kama mtu aliyekula kwa mama yake miaka yote halafu anawaambia watu kwamba chakula kilikuwa kinajipika.

Utetezi wa pili unakwenda upande ule mwingine: basi tupa kila kitu. Muziki wa udikteta, futa klipu, endelea na maisha. Nimesikia vijana wakisema hivyo na ninawaelewa. Lakini siwezi, na sidhani ni ukaidi. Kile kitu tulichokuwa nacho pale sebuleni kilikuwepo kweli. Watu 9 kwenye viti vya 5, wanaangalia kitu kimoja, wananyamaza pamoja, halafu wanabishana pamoja. Leo nyumbani kwangu tuko watu 4 na skrini 5, na kila mmoja anapelekewa uongo wake wa kibinafsi uliopimwa kama suti. Nikikikosa kile kikao, sijakosea.

Pia siwezi kukubali kwamba ubaya wote ulikaa kwenye miwani mikubwa na pazia. Tarehe 30 Januari 2018 stesheni kubwa zilizimwa, watu wakaangalia skrini nyeusi siku nzima na nyingine nyingi. Tarehe 25 Juni 2025 amri ilitolewa matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, na stesheni zikazimwa tena mpaka mahakama ilipoingilia. Grafiki za siku hizi ni za kupendeza, zinang'aa, zinazunguka. Tofauti ni kwamba zamani ukimya ulikuwa na muziki wake.

Kwa hiyo kosa liko wapi? Nimeisoma ile grupu tena kutoka juu, na nadhani nimeliona. Liko kwenye lile neno letu tamu, mnakumbuka? Ni swali lakini halingoji majibu mengi. Linataka ndiyo. Linataka sote tuwe tulikuwa sebule moja, upande mmoja wa ukuta. Na hilo ndilo hasa taarifa ile ya saa moja ilikuwa inalidai kila jioni: kwamba nchi nzima imesikia kitu kimoja na imekisikia kwa namna moja. Sisi tulirudia kazi ileile bila kulipwa. Tukapiga muziki, tukaongeza sauti, na mtu mmoja aliyekuwa chumba cha nyuma hakuwa na pa kwenda isipokuwa nje.

Raha ya kukumbuka si kosa. Huwezi kuuamrisha moyo uache kuruka ukisikia kitu ulichokipenda ukiwa na miaka 7. Lakini ukishaikuza raha hiyo ikawa historia, "enzi zetu kulikuwa hivi", umeanza kusema kwa niaba ya watu wengine, na hao wana haki ya kuulizwa. Nyumba ileile, saa ileile, muziki uleule: mimi nilisikia Krismasi, jirani alisikia nafasi, Mjomba alisikia ruhusa ya kupumua. Hakuna kati yetu aliyesikia vibaya.

Nawaambia haya nyinyi wadogo wangu kwa sababu mtakuwa na klipu yenu. Pengine itakuwa nyimbo za Juni 2024, bendera, maji ya mwasho, vicheko ndani ya moshi. Miaka 20 ijayo mtu ataituma kwenye grupu na mtaandika mnakumbuka?, na mtalia, na mtakuwa na haki ya kulia. Kwa wengi wenu hiyo ilikuwa wiki mliyoipata sauti yenu. Kuna nyumba ambapo ilikuwa wiki simu ilipopigwa na hakuna aliyepokea. Angalieni kama mwenye nyumba hiyo bado yuko kwenye grupu.

Kabla hajakata simu nilimuuliza Mjomba kama nimwambie binamu aifute ile klipu. Akakataa.

"Ya nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nausubiri huo muziki kuliko nyinyi wote. Kutoka asubuhi. Nilitoka kwenye grupu kwa sababu mlikuwa mnacheka sana, kifua kikanibana. Basi."

Halafu akaanza kuuimba kwa mdomo, bila maneno, kutoka mwanzo. Mimi huwa nauchanganya katikati. Yeye hakukosea hata mahali pamoja. Karibu na mwisho, pale ngoma zinapoingia, akanyamaza, akakohoa mara mbili kwa nguvu, akacheka.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo nilikuwa nafika."

Nimemrudisha kwenye grupu. Klipu bado ipo. Nimeisikiliza mara kadhaa tangu siku hiyo, na zikifika zile ngoma nashusha sauti kidogo.