Haki ya Asiyealikwa Jukwaani

Mwaka 1947 mji wa Edinburgh, huko Uskochi, ulifanya tamasha kubwa la sanaa. Vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa vilikwenda vivyo hivyo, vikatafuta kumbi ndogo kandokando ya tamasha lenyewe, vikacheza. Kutokana na ujasiri huo ilizaliwa desturi ijulikanayo leo duniani kote: tamasha la pembeni, ambamo hapana kamati ichaguayo nani aingie, na mtunzi asiye na jina huijaribu kazi yake mpya mbele ya watazamaji kumi au ishirini. Lakini swali tutakalo kulijadili hapa si la historia. Twauliza: asiyealikwa ana haki gani ya kusimama mbele za watu na kuwaambia jambo ambalo hawakuomba kuambiwa?

Hapa Mlali, katika Wilaya ya Kongwa, mchezo hauhitaji jumba. Upo uwanja, kipo kivuli cha mti, na kipo kiangazi kifuatacho mavuno, wakati ambapo jembe limepumzika. Duara la ngoma ya Wagogo nalo lina sheria yake. Wanawake wapigapo muheme, ngoma zikiwa zimebanwa kati ya mapaja, kila aingiaye katikati huonwa na wote, naye hujua kwamba wale waliomzunguka ndio watakaomjibu. Kuingia ni ruhusa, lakini kuingia bila kujibiwa hakuna. Tunadhani jibu la swali letu limo humo kwa sehemu, ijapokuwa si lote.

Mkoa huu wa Dodoma umekwisha kuipa nchi aina mpya ya mchezo. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, ndiye aliyeiendeleza ngonjera, yaani ushairi wa watu wawili au zaidi wanaobishana mbele ya hadhara. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya hapo, mwaka 1970 na 1971. Walimu wa zamani watakumbuka jinsi shule zilivyozikariri baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Sisi tunaopenda vina na mizani hatuwezi kuidharau kazi hiyo. Hata hivyo, yatupasa kusema kweli: katika nyingi ya ngonjera za wakati ule, mjinga alikuwa mjinga tangu ubeti wa kwanza, na mjuzi alishinda kabla hajafungua kinywa. Ubishi ambao mshindi wake anajulikana mapema humfundisha mwanafunzi kukariri tu, haumfundishi kupima hoja.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Kuanzia mwaka 1982, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, katika Wilaya ya Kwimba. Hawakuchukua mchezo uliokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo yao, mchezo ukatungwa kutokana na mazungumzo hayo, na baada ya kuchezwa ukajadiliwa tena. Watunzi hao walijua vema kuandika tamthilia peke yao mezani. Mlama, kwa jina la Penina Muhando, alikuwa amekwisha kuandika Hatia mwaka 1972. Kwa hiyo hawakwenda kijijini kwa kukosa kalamu.

Kenya nayo ina kisa kigumu zaidi. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walitunga mchezo kwa Kigikuyu, na wanakijiji wakausahihisha katika mazoezi yaliyofanywa hadharani. Mwaka 1977 serikali iliuzuia, na mwisho wa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 uwanja wa maigizo walioujenga wanakijiji kwa mikono yao ukabomolewa. Habari za mwandishi zilienea ulimwenguni, kama ilivyostahili. Lakini ni nani awatajaye wale wakulima na vibarua waliobaki palepale, mbele ya kifusi?

Hapo ndipo penye uzito. Tuseme vijana wa Mlali wanatunga mchezo juu ya mkulima aliyeuza mahindi yake yangali mabichi shambani, kwa bei ya njaa, kisha akamwona mnunuzi akiyapeleka soko la Kibaigwa na kupata faida maradufu. Hawatamtaja mtu. Haidhuru, kila mtazamaji atageuza shingo kumtazama mtu mmoja. Msanii mgeni atapanda basi kesho yake. Binti aliyeigiza mke wa mkulima atabaki, na pengine baba yake anadaiwa na mtu yuleyule. Je, ni haki kumpa binti huyo maneno ambayo mgeni asingeyasema kama angeishi hapa?

Twajibu kwamba si haki, isipokuwa maneno hayo ameyachagua mwenyewe baada ya kuelezwa hatari yake. Na mnunuzi naye apewe nafasi ya kujibu katika duara, kwa maana huenda anayo habari ya gharama na mikopo ambayo watunzi hawakuijua. Mchezo utakuwa mzuri zaidi kwa jibu lake, hata akijibu kwa hasira.

Wengine watasema ndiyo maana ya vibali. Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua filamu na michezo ya kuigiza, na sisi tulio watumishi wa umma twaijua mihuri. Lakini muhuri hugongwa juu ya karatasi, na mchezo wa namna hii hubadilika jioni ileile mzee mmoja anaposimama na kusema, "La, wanangu, haikuwa hivyo." Hakuna afisa awezaye kuukagua usemi huo kabla haujasemwa, wala hafai kujaribu.

Mwalimu atakayetaka kuanza asingoje tamasha la taifa. Aanze na wanafunzi wachache, kwa Kiswahili na Kigogo, mwezi wa Agosti. Kila onyesho lifuatwe na mazungumzo, na mabadiliko yaandikwe. Daftari la mchezo, lenye mistari iliyofutwa na kuandikwa upya kwa miandiko ya watu mbalimbali, libaki katika maktaba ya shule, ili darasa la mwaka ufuatao liendelee kulifuta.