Nani Aseme "Najua"?

Chukua transista mbili, rezista nne, kapasita mbili, nyaya chache na betri mbili za redio. Vingi vya vitu hivi vimo ndani ya redio mbovu ambayo fundi ameshaikatia tamaa. Ukiviunganisha sawasawa na kuweka kispika cha masikioni, vinalia: piii! Mlio mmoja tu, mkavu, usio na wimbo wala taarifa ya habari. Huwezi kuuuza, na mama mwenye nyumba atakugombeza. Hata hivyo, msomaji, nadhani ndani ya kidude hiki mna swali zito kuliko mengi tuliyojibu kwenye mtihani wa kidato cha nne. Ni nani mwenye haki ya kusema "najua"?

Tuanze na kidude chenyewe. Umewahi kuona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda. Hawagongani, na hawapumziki pamoja. Transista zetu mbili hufanya vivyo hivyo. Moja ikipitisha umeme, nyingine imezimwa. Lakini ile iliyozimwa haikai hivyo milele, kwa sababu kapasita yake inajaa kidogo kidogo kupitia rezista. Ikifika kama nusu volti na ushei, iliyolala inaamka, na kuamka kwake kunamzima mwenzake. Zamu inageuka. Ukitumia rezista za omu 10,000 na kapasita za mikrofaradi 0.1 kwenye njia hizo za kujazia, mchezo mzima unarudiwa mara 720 hivi kwa sekunde moja. Huo ndio mlio unaousikia. Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, waliibuni saketi ya namna hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaandika habari zake mwaka 1919. Wao walitumia valvu za kioo, maana transista ilikuwa haijazaliwa. Ilikuja mwaka 1947.

Sasa turudi darasani. Wengi wetu tuliosoma fizikia tunaweza kusema hata usingizini kwamba kapasita ni kifaa cha kuhifadhi chaji. Tulimeza, tukatapika kwenye karatasi, tukapewa maksi. Kwa miaka mingi, shule zisizo na maabara zilikuwa na karatasi maalum ya kuandika badala ya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi aliulizwa juu ya jaribio ambalo hakulifanya, akajibu, akafaulu. Simlaumu mwanafunzi, vyombo havikuwepo. Lakini tazama alichojifunza bila kuambiwa: kutoa ushahidi wa jambo asiloliona. Mahakamani jambo hilo lina jina lake.

Saketi haikubali ushahidi wa namna hiyo. Transista ina miguu mitatu, na mpangilio wa miguu hiyo haufanani kwa transista zote. Geuza miguu, kidude kinakaa kimya. Hakijali ulipata divisheni gani, wala hakina ndugu ofisini. Huwezi kukidesea.

Hapo jamaa wa kijiweni hurukia jibu la haraka: "Si unaona? Shule haina lolote, bwana. Anayejua ni fundi." Hapa Mwanza maneno hayo yana nguvu. Makoroboi, katikati ya mji, pamepata jina lake kutokana na koroboi, zile taa za mafuta ambazo mafundi walizitengeneza kwa makopo. Hao hawakusubiri cheti kutoka kwa mtu.

Ninawaheshimu, lakini jibu hilo silikubali lote. Yupo fundi aliyejifunza kwa kutazama tu: redio ikikoroma, badilisha hiki, ikinyamaza, badilisha kile. Siku ikija hitilafu ambayo hajawahi kuiona, hubadilisha kila kitu kwa zamu, na mteja ndiye anayelipia kubahatisha huko. Ukimwuliza kwa nini, anasema, "Ndivyo ilivyo." Naye kijana wake wa kazi atarithi hilohilo. Kwa hiyo mwanafunzi amekariri maneno, na fundi huyu amekariri mikono.

Viongozi wetu waliuona mpasuko huu zamani. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akilalamika kwamba tunathamini mno elimu ya vitabu. Novemba 1974, Musoma, kwenye ufuko wa ziwa hilihili, TANU ilipitisha azimio la kuunganisha elimu na kazi, na waliomaliza kidato cha sita wakatakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Nia ilikuwa nzuri. Lakini katika shule nyingi kazi iligeuka kuwa jembe tu. Asubuhi shamba, jioni kukariri, na viwili hivyo havikusalimiana.

Basi anayejua ni nani? Jibu langu ni hili: ni yule anayeweza kusema kabla, akatoa sababu, na akakubali kuumbuka.

Mchukue mwanafunzi na fundi, waweke mbele ya kidude. Waambie unataka kuondoa kapasita zote mbili na kuweka za mikrofaradi 10, yaani kubwa mara mia. Itakuwaje? Anayejua atakwambia kabla hujagusa waya: kapasita kubwa mara mia itachelewa kujaa mara mia, kwa hiyo mara 720 zitashuka kuwa mara 7 hivi kwa sekunde. Sikio halitasikia tena sauti moja iliyonyooka, litasikia tak-tak-tak. Kisha unganisha, msikilize wote. Kama alisema kweli, anajua, hata kama matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa ziro. Anayengoja kilie ndipo aseme "nilijua tu," huyo hajui, hata akiwa na shahada.

Mtu anaweza kusema hili ni jambo la akili, maadili yanaingiaje? Yanaingia kwa sababu "najua" ni ahadi. Fundi wa injini za mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, akisema "najua," watu watapanda chombo na kwenda mbali na nchi kavu. Muuguzi akisema "najua," mtoto atadungwa sindano. Anayelitamka neno hilo bila kulilipia anakopa, na dhamana aliyoweka ni maisha ya mwingine.

Sisi tunaotaka kuandika hatujasamehewa. Mtu akiandika hadithi ambamo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani kuwasha taa zao chini ya mbalamwezi kamili, sentensi zinaweza kuwa tamu ajabu. Lakini dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, taa hazina nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wengi hupumzika. Msomaji wa Kirumba atalifunga gazeti lako palepale, na huko kwingine kote ulikosema kweli hatakuamini. Kwa hiyo kabla hujaandika "najua," nenda kaangalie kama kinalia.